Iowa City: nenda Ijumaa, rudi Jumapili

Mwaka juzi tulikwenda Iowa City, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Iowa, Marekani, kutazama mechi ya futiboli ya Kimarekani, na tukaikosa dakika ileile iliyotutoa nyumbani. Tuliondoka Chicago alfajiri ya Jumamosi, mimi, mume wangu na watoto wawili, tiketi nne tayari, tukijua kwamba kilomita 350 ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Siku ya kawaida ni kweli. Siku ya mechi, magari yalianza kubanana kabla hata hatujaona dalili za mji, kisha tukazunguka karibu saa nzima kutafuta pa kuegesha. Tulipokaa kwenye viti vyetu, robo ya pili kati ya nne za mechi ilikuwa imeshaanza. Binti yangu aliuliza kama wameshapunga. Nikamwambia wameshapunga.

Nieleze kupunga kwenyewe. Uwanja wa Kinnick, wa Chuo Kikuu cha Iowa, unachukua watu 69,250. Ubavuni mwake limesimama jengo refu la hospitali ya watoto ya chuo hichohicho, na wagonjwa walio ghorofa za juu wanauona uwanja wote kutoka madirishani. Tangu 2017, kila robo ya kwanza inapokwisha, watu wote uwanjani husimama, huigeukia hospitali na kupunga mikono. Mashabiki wa wageni hupunga. Wachezaji wa timu zote mbili hupunga, waamuzi nao hupunga. Na kule juu, nyuma ya vioo, watoto hujibu.

Binti yangu alilazwa majuma matatu akiwa na miaka minne, hospitali nyingine, mji mwingine. Dirisha la chumba chetu lilitazama maegesho ya magari. Alikuwa akishinda pale kwenye kioo akihesabu magari mekundu, na mimi nikishinda nyuma yake nikiwatazama watu wanavyoteremka, wanafunga milango, wanaondoka. Hakuna aliyeinua uso, na wala sikumlaumu mtu, maana wangejuaje? Lakini nilipoiona video ya uwanja mzima umegeuka, nililia jikoni, kisha nikamwambia mume wangu huku ni lazima twende.

Msimu uliopita tulirudi, na safari hii tulipanga vizuri. Ninaandika kwa sababu naona Waswahili wenzangu wengi walioko huku wanarudia kosa letu la kwanza. Tunaipanga safari ya mechi ya chuo kama tunavyopanga kwenda Kwa Mkapa: unafika, unashangilia, unarudi kulala kwako. Dar es Salaam ina mamilioni ya watu na uwanja wake mkubwa una viti 60,000. Iowa City ina wakazi kama 75,000, na uwanja unakaribia kuwameza wote. Jumamosi ya mechi mji unapokea wageni wengi karibu sawa na wenyeji. Ukilielewa hilo, mengine yote utayaelewa: bei za vyumba, foleni, na kwa nini mtu anakodisha majani ya mbele ya nyumba yake kuegeshea magari.

Cha kwanza kuchagua ni mechi, na hapa nina msimamo ambao shemeji yangu anaupinga mpaka leo. Msimu unaanza mwishoni mwa Agosti hadi mwishoni mwa Novemba, na timu hii, inayoitwa Hawkeyes, hucheza nyumbani kama mara saba. Shemeji anasema nenda mechi ya watani wa jadi, la sivyo umepoteza petroli. Mimi nasema nenda Septemba, wakija wageni ambao hata jina lao hulijui. Watu wanapunga vilevile, bendi ya chuo inapiga vilevile, nyama inachomwa vilevile, tiketi ni nafuu, na jua bado lipo. Novemba, ubaridi wa zile benchi za chuma utawatoa watoto machozi. Wikiendi ambayo wahitimu wa zamani wanarudi chuoni, kwa kawaida Oktoba, iache kabisa kama ni mara yako ya kwanza.

Nakubali kwamba mechi za watani zina historia nzito. Wakikutana na Minnesota wanagombea sanamu ya nguruwe wa shaba, na watu hudhani ni masihara ya wakulima. Chanzo chake ni mwaka 1934, Ozzie Simmons, mchezaji mweusi wa Iowa, alipopigwa na wachezaji wa Minnesota hadi akatoka uwanjani. Mwaka uliofuata joto lilikuwa limepanda kiasi kwamba magavana wa majimbo mawili waliwekeana dau la nguruwe ili kuwatuliza watu. Nilimsimulia mwanangu habari hiyo garini. Akataka kujua kama Simmons aliombwa radhi. Swali hilo lilitufikisha mbali.

Basi nikamweleza pia habari za Duke Slater. Jina la uwanja ni la Nile Kinnick, aliyeshinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mwaka 1939 na kufa 1943 katika ndege ya mafunzo ya jeshi la majini. Sanamu yake ipo nje na amebeba vitabu, jambo ambalo kama mzazi nilifurahi kuwaonyesha wanangu. Lakini tangu 2021 eneo lenyewe la kuchezea limepewa jina la Slater. Alikuwa mtu mweusi aliyeichezea Iowa kuanzia 1918 hadi 1921, mara nyingi bila kofia ya kujikinga kichwani, wakati ambapo wanafunzi weusi walikuwa hawaruhusiwi kulala kwenye mabweni ya chuo. Mlango huo haukufunguliwa hadi 1946. Slater alisomea sheria hapohapo, kisha akawa jaji mjini kwetu Chicago. Ukiwa na watoto weusi, usiwaingize uwanja ule bila kuwaambia wamekanyaga jina la nani.

Turudi kwenye mipango. Tarehe za mechi hujulikana miezi mingi kabla, ila saa haijulikani. Televisheni ndizo zinazoamua, na mara nyingi tangazo hutoka siku kumi na mbili kabla, wakati mwingine sita tu. Inaweza kuwa saa tano asubuhi, saa nane na nusu mchana, au jioni giza likiingia. Anayetoka mbali Jumamosi hiyohiyo anacheza kamari. Mwaka juzi tulipanga safari tukiwazia mechi ya mchana. Ikatangazwa ya saa tano, na bado tukajiambia tutawahi.

Hoteli nyingi za pale, wikiendi ya mechi, hazikupi chumba cha usiku mmoja. Unalipa Ijumaa na Jumamosi hata kama Ijumaa hutalala. Watu hulalamika, na bei kweli inauma. Ila ukishalipia usiku wa Ijumaa, kwa nini uulale Chicago? Weka chumba mara tu ratiba inapotoka, cha aina unayoweza kufuta bila kutozwa, na ukikosa jaribu Cedar Rapids, karibu na uwanja wa ndege, au Davenport kando ya Mto Mississippi.

Ijumaa ndiyo ilinibadilisha mawazo. Tuliondoka watoto walipotoka shule, tukavuka Mississippi jua likiwa linazama, tukapumzika Walcott, kwenye kile kituo cha malori kinachojitangaza kuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Madereva wetu wa malori wanakijua sana. Si ajabu ukasikia mtu anaongea Kiswahili na simu kwenye foleni ya kahawa. Kesho yake asubuhi, kwa kuwa mechi ilikuwa ya saa nane na nusu, tulitembea mjini kwa miguu. Iowa City ni mji wa vitabu kuliko wa mpira. Mwaka 2008 UNESCO iliutambua kuwa Mji wa Fasihi, na kozi yake ya waandishi ipo tangu 1936. Katika barabara ya Iowa Avenue kuna vibao vya shaba vimelazwa njiani vyenye maneno ya waandishi, na watoto waliviruka kimoja baada ya kingine wakisoma kwa sauti. Duka la vitabu la Prairie Lights lipo hatua chache kutoka hapo. Usiingie na watoto kama una haraka.

Kisha Melrose Avenue, barabara inayopita pembeni mwa uwanja. Saa nne kabla ya mechi imejaa nguo nyeusi na za njano. Buti za magari ziko wazi, majiko yanafuka moshi, na kuna mapaja ya batamzinga makubwa kiasi kwamba mtoto anashika kwa mikono miwili. Jirani yetu wa maegesho, mzee mmoja na mkewe, walituita tule kwao bila kutujua. Mume wangu alisema hajaona ukarimu wa namna hiyo tangu harusi za kwao Tanga. Mkoba uingie nao uwanjani ukiwa wa plastiki inayoonyesha ndani, usiozidi sentimita 30 kwa 30 kwa 15. Mikoba mingine mikubwa irudishe kwenye gari mapema, kwa sababu mlangoni hawabembelezwi.

Robo ya kwanza ikaisha. Sikumwambia binti yangu lolote, alisimama mwenyewe. Alipunga kwa mikono yote miwili, akapanda juu ya benchi, akaendelea kupunga watu walipokuwa wameshakaa. Mama aliyekuwa nyuma yetu, ambaye alikuwa haoni uwanja sawasawa kwa ajili yake, hakusema kitu. Nani alishinda mechi, muulizeni mume wangu.

Jumapili tulikwenda Coralville, mji uliopakana na Iowa City. Wakongomani wengi wamefanya makazi yao sehemu hizi, na mitaani na madukani unasikia Kifaransa, Kilingala na Kiswahili cha Kongo. Dada mmoja tuliyekutana naye kanisani alitukaribisha kwake. Yeye anasema sombe, sisi tunasema kisamvu, na mwanangu akaamua vyote viwili ni sawa alimradi aongezewe. Tuliondoka na bakuli mbili zimefungwa, tukafika Chicago kabla ya giza.

Ratiba ya msimu ujao nimeshaiangalia. Nimechagua mechi ya Septemba na chumba ninachoweza kukifuta, kwa sababu mama yangu atakuwa amefika kutoka Morogoro. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo natafuta viti vya chini karibu na njia, upande ule ambao mtu anaiona hospitali bila kugeuka.