Paea Wolfgramm si gunia la mtu

Kuna kipande cha video kinachozunguka kwenye magrupu ya ngumi. Ni Hamburg, Machi 2000. Wladimir Klitschko, bondia wa Ukraine aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, anakutana na mtu mnene kutoka visiwani, na raundi ya kwanza haiishi, mtu wa visiwani kashamalizwa. Chini yake kuna aliyeandika "gunia la mazoezi" na watu wamejaza vicheko. Hapo ningepita tu, mitandao ina watu wa kila aina. Kilichoniudhi ni mtangazaji wa michezo redioni, mtu ambaye kazi yake ni kuyajua mambo haya, kulirudia neno hilo hilo asubuhi na kuongeza kwamba bondia mwenyewe "hata jina lake halitamkiki".

Jina lake ni Paea Wolfgramm. Linatamkika vizuri kabisa. Amezaliwa mwaka 1969 Vava'u, visiwa vya kaskazini mwa ufalme wa Tonga, na jina la ukoo limetoka kwa Wajerumani waliofika huko karne ya 19 wakaoa na kubaki. Ndiye mtu pekee katika historia ya Tonga aliyewahi kuvaa medali ya Olimpiki. Medali ya fedha, Atlanta 1996, uzito wa juu kabisa. Tangu hapo zimepita Sydney, Athens, Beijing, London, Rio, Tokyo na Paris, na Tonga haijaongeza hata shaba.

Tonga ina watu kama laki moja. Zanzibar yetu, kwa sensa ya 2022, ina karibu milioni moja na laki tisa.  Nchi ya watu laki moja, waliotawanyika kwenye visiwa vingi katikati ya Pasifiki, wengi wakiishi kwa fedha wanazotumiwa na ndugu walioko Auckland, Sydney na Utah. Nchi hiyo ikamtoa mtu mmoja akafika fainali ya Olimpiki katika uzito ambao Wacuba waliuona kama mali yao. Halafu sisi, ambao medali zetu za Olimpiki ni mbili tu, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kule Moscow 1980, tunakaa redioni tunamcheka!

Nataka nieleze alivyofika kwenye ile fainali, kwa sababu naona wengi wanaomcheka wamekutana naye Hamburg tu.

Mwaka 1996 ngumi za ridhaa zilikuwa raundi tatu za dakika tatu. Pointi zilihesabiwa kwa mashine. Majaji watano walikaa pembeni ya ulingo, kila mmoja na vitufe vyake, kimoja cha kona nyekundu na kingine cha kona ya bluu. Bondia akipiga ngumi safi, kwa ile sehemu nyeupe ya glovu, ilibidi majaji watatu wabonyeze kitufe ndani ya sekunde moja ndipo pointi ihesabiwe. Wakichelewa, ngumi imepotea. Utaratibu huu uliletwa baada ya aibu ya Olimpiki ya Seoul 1988, Mmarekani Roy Jones alipomchapa Mkorea ulimwengu mzima ukiona, kisha ushindi ukapewa Mkorea. Nia ilikuwa njema. Lakini kwa bondia mzito anayeingia ndani kwa ndani na kupiga mwili, mfumo ule ulikuwa mateso. Ngumi za mbavu mara nyingi zilikuwa hazionekani. Aliyefaidi ni mrefu mwenye mkono wa kushoto wa kunyoosha, agonge kichwani, arudi nyuma, agonge tena. Wolfgramm hakuwa na umbo hilo. Alikuwa mtu wa kifua na mabega, mwili wa raga, na akaufanyia kazi mfumo ambao haukutengenezwa kwa ajili yake.

Pambano la kwanza alikutana na Sergei Lyakhovich wa Belarus. Akashinda 10 kwa 9, pointi moja. Jaji mmoja angechelewa kubonyeza mara moja tu, labda tusingelisikia jina la Wolfgramm mpaka leo. Na huyo Lyakhovich si mtu wa mtaani. Mwaka 2006 alimpiga Lamon Brewster na kuchukua mkanda wa WBO, moja ya mikanda ya ubingwa wa dunia, wa uzito wa juu. Brewster naye ndiye aliyemsimamisha Klitschko mwaka 2004. Najua, ngumi hazihesabiwi hivyo, kwamba huyu kampiga yule na yule kampiga huyu. Lakini wanaopenda kutumia matokeo ya Hamburg kama hukumu ya mwisho, na haya nayo wayaweke mezani.

Kisha robo fainali, na hapa ndipo ninapotaka mtu anisikilize. Alexis Rubalcaba wa Cuba. Jitu la zaidi ya mita mbili. Kuelewa Rubalcaba alikuwa nani ni lazima uelewe kiti alichokalia. Kabla yake Cuba ilikuwa na Teófilo Stevenson, dhahabu tatu mfululizo, 1972, 1976 na 1980. Ikaja na Roberto Balado, dhahabu ya Barcelona 1992, ambaye alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1994 akiwa bado kijana. Rubalcaba ndiye aliyeachiwa mzigo huo. Nyuma yake kulikuwa na shule nzima ya ngumi, madaktari, makocha wa kila kitu, serikali inayohesabu medali kama heshima ya taifa. Nyuma ya Wolfgramm kulikuwa na kikosi cha Tonga, ambacho chote kingeenea kwenye daladala moja na viti vikabaki.

Akamshinda 17 kwa 12.

Zisome tena hizo namba ukikumbuka ile mashine. Pointi 29 katika dakika tisa, kati ya watu wawili wakubwa kiasi kile, wakati fainali nzima ya uzito huo ilikuja kuzaa pointi kumi tu. Maana yake walipigana kweli. Maana yake mtu wa Vava'u hakujificha akaiba ushindi kwa kukumbatia. Alimfuata Mcuba, akala ngumi 12 zilizohesabiwa na Mungu anajua ngapi ambazo hazikuhesabiwa, naye akatoa 17. Mashabiki wa ngumi wa hapa Bongo wanajua bei ya kumshinda Mcuba kwenye ngumi za ridhaa. Mabondia wetu wamekuwa wakienda Olimpiki na kurudi bila mtu kujua walicheza lini, tukawapa jina la watalii. Huyu alimtoa Mcuba, kwenye uzito wa Stevenson.

Nusu fainali akakutana na Mwafrika mwenzetu, Duncan Dokiwari wa Nigeria. Nakiri kwamba roho yangu siku zote inagawanyika kwenye hilo pambano. Wolfgramm akapita 7 kwa 6. Pointi moja tena. Dokiwari akabaki na shaba, ambayo nayo Nigeria haiitaji sana siku hizi.

Fainali aliingia akiwa ameumia mkono na pua. Mbele yake Klitschko, umri miaka 20, mita 1.98, na ule mkono wa kushoto ambao baadaye uliwatesa mabingwa kwa karibu miaka 20. Matokeo: 7 kwa 3. Wanaosema alichakazwa waangalie hiyo namba. Dakika tisa, mkono mbovu, dhidi ya mtu aliyekuja kushinda mapambano 64 ya kulipwa, 53 kati ya hayo kwa KO au TKO, yaani mpinzani kaangushwa au pambano limesimamishwa, na tofauti ikawa pointi nne. Alimaliza raundi zote kwa miguu yake.

Mwaka 2012 Klitschko aliinadi ile dhahabu, ikanunuliwa kwa dola milioni moja na fedha zikaenda kwenye shughuli za watoto. Ni jambo jema na namheshimu kwa hilo. Lakini habari nilizozisoma juu ya ule mnada zilikuwa zinaeleza thamani ya medali bila kumtaja aliyesimama upande wa pili wa ulingo. Dhahabu haipatikani peke yako, kuna mtu ulimshinda. Na yule mtu alikuwa na kwao.

Sasa niseme la kwao, maana ndilo linalonigusa zaidi kuliko ngumi zenyewe. Wolfgramm alikuwa anaishi Auckland. Visiwa vile vimezoea kuona watoto wao wakivaa jezi za wengine. Jonah Lomu, nyota wa raga, damu ya Tonga kwa baba na mama, ulimwengu unamjua kama mtu wa New Zealand. David Tua, bondia mzaliwa wa Samoa, shaba yake ya Barcelona 1992 imeandikwa New Zealand. Siwalaumu hata kidogo. Mtu anachezea nchi iliyomlea, iliyompa uwanja na kocha. Yussuf Poulsen wa soka baba yake alikuwa Mtanzania na amechezea Denmark, na siwezi kumwambia neno. Lakini ndiyo sababu ya kumheshimu anayeamua kubeba bendera ambayo haiwezi kumlipa. Fedha ya Wolfgramm ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yoyote ya visiwa vya Pasifiki, ukiziacha Australia na New Zealand. Ilibidi ipite miaka 20 ndipo Fiji ikapata dhahabu ya raga ya wachezaji saba kule Rio. Fedha ya Samoa, ya mnyanyua vyuma Ele Opeloge ya mwaka 2008, ilikuja kutambuliwa baadaye sana, waliokuwa mbele yake walipokutwa na dawa. Aliyefungua mlango ni bondia wa Vava'u.

Na wiki ile ile, Atlanta pale pale, Vénuste Niyongabo aliipa Burundi dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya kwanza kabisa ya Burundi. Nchi ndogo zilipata siku zao mwaka ule.

Haya, niwape wanaobisha haki yao. Ngumi za kulipwa hazikumwendea alivyotarajiwa. Alicheza mapambano 24, akashinda 20, akapoteza 4, mwaka 2001 akaacha. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Hamburg alipigwa, na alipigwa vibaya. Sina cha kupinga hapo. Alichelewa kuingia kwenye ngumi za kulipwa, mwili ulikuwa mzito, na Klitschko wa 2000 alikuwa ameshakuwa mtu mwingine.

Ila tuwe wakweli kuhusu lile pambano. Promota anayemjenga kijana wake anahitaji majina. Mshindi wa fedha wa Olimpiki ni jina zuri kwenye bango, hasa kama fainali ilikuwa dhidi ya kijana huyo huyo. Hadithi inajiuza yenyewe: marudiano ya Atlanta. Mabondia wetu wa Manzese na Temeke wanaijua biashara hii kuliko mtu yeyote. Simu inapigwa, pambano ni wiki ijayo, Ulaya, hakuna muda wa kujiandaa, uzito haujakaa sawa, lakini nyumbani kuna kodi na ada ya shule. Anakwenda. Anapigwa. Anarudi na hela kidogo, na video inabaki mtandaoni ikimsubiri mtu wa kumcheka. Sisemi Wolfgramm alichukuliwa hivyo, yeye alikwenda na rekodi nzuri na jina lake mwenyewe. Nasema sisi tunaoona vijana wetu wakipitia hayo tulipaswa kuwa watu wa mwisho kumwita bondia yeyote gunia.

Lingine dogo. Ukitaja Tonga leo, watu wanamkumbuka Pita Taufatofua, yule aliyebeba bendera Rio 2016 kifua wazi, kajipaka mafuta. Sina ugomvi naye, mwanamume alicheza taekwondo Olimpiki ya kiangazi kisha akaenda kuteleza kwenye theluji ya Korea mwaka 2018, na nchi yake ilipopigwa na volkano na tsunami Januari 2022 alihangaika kuichangishia fedha. Anastahili sifa zake. Ila bendera ile ilipandishwa kwenye mlingoti wa washindi mara moja tu, na aliyeipandisha hakutumia mafuta.

Ombi langu kwa watu wa redio ni dogo sana. Sisi tumemsahau Titus Simba, aliyeleta medali ya fedha ya ngumi kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, vijana wengi wa ngumi hawajawahi kulisikia jina lake hewani. Mkiwa na nusu saa ya kujaza asubuhi, mjazeni yeye. Na mkitaka kumzungumzia Wolfgramm, anzeni na Rubalcaba, 17 kwa 12. Mkimaliza hapo, Hamburg mtaisema mnavyotaka, nitasikiliza.