Kadi ya kliniki tunayo, tunachokosa ni mtu wa kufuatilia

Huku Marekani, mama mwenye mtoto wa mwaka na nusu ambaye bado hajasimama hangoji barua ya daktari. Anapiga simu mwenyewe kwenye huduma za mapema za jimbo lake, zinazosaidia watoto wa chini ya miaka 3 wanaochelewa kukua, na siku zinaanza kuhesabiwa: ndani ya siku 45 mtoto awe ameshapimwa na, akikidhi vigezo, kikao cha kuandika mpango wa huduma za mtoto na familia yake kiwe kimefanyika. Kupimwa ni bure. Familia hupewa mratibu mmoja wa kuhangaika na mtaalamu wa viungo, wa lugha, bima na hospitali, na mpango hupitiwa kila miezi 6. Mizizi yake ni sheria ya 1986, inayotaka kila jimbo liwe na idara moja ya kuwajibika.

Mtu mmoja na tarehe ya mwisho: hicho ndicho ninachokitamani Tanzania.

Maana kadi ya kliniki tunayo. Wiki ya 6, ya 10, ya 14, miezi 9, miezi 18, na mizani katikati. Huku hakuna siku watoto wa mtaa mzima wanakutana hivyo, ndiyo maana asiyejua pa kupiga simu anapitwa. Kwetu shida huanzia baada ya mizani. Nesi anaona mtoto wa miezi 6 shingo haijakaza, anaandika rufaa ya hospitali ya wilaya. Nauli ikikosekana, rufaa inabaki ndani ya kadi na hakuna anayeuliza.

PJT-MMMAM, programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa 2021, imekusanya afya, lishe, malezi, ulinzi na ujifunzaji wa awali chini ya uratibu mmoja. Hatua kubwa, ila mtoto mmoja anahitaji daftari la zahanati: jina lake, tarehe ya rufaa, jina la mhudumu wa afya ngazi ya jamii atakayemfuata nyumbani, na ukomo wa siku 30. Mwezi ukiisha, majina yaliyobaki yaende kwa afisa ustawi wa jamii.

Mlio huku, ombeni mkalimani wa Kiswahili. Mtoto akipimwa kwa Kiingereza asichokisikia nyumbani ataonekana amechelewa kuongea. Mkihama jimbo, bebeni nakala ya mpango na mpige simu upya. Akikaribia miaka 3 anakabidhiwa kwa shule za wilaya, na kikao hicho kinatakiwa angalau siku 90 kabla hajatimiza umri huo. Aliyezaliwa Julai au Agosti, daini shule immalizie vipimo kabla ya likizo ya kiangazi, wataalamu hawajatawanyika.