Mtutu mpya kwa bunduki ya bei nafuu? Mimi simo

Kila mwenye bunduki ya bei nafuu hufika siku akaanza kuitazama kwa jicho la fundi. Kitako cha plastiki, kile kinachobeba mtutu na kuegemea bega, kinamkera, kifyatulio anakiona kizito, na simu yake imejaa video za Wamarekani wanaochukua bunduki kama Savage Axis au Ruger American, wakaifungua asubuhi, wakabadilisha hiki na kile, na jioni wakapitisha risasi tatu karibu kwenye tundu moja. Rafiki yangu, afande mstaafu anayefuga ng'ombe Kiruhura, hapa Uganda, ameambukizwa ugonjwa huo. Kila tukikutana swali ni lile lile: "Mzee, niijenge upya hii, au nitafute nyingine?"

Mimi kipimo changu ni kimoja. Tumia pesa kwa kitu ambacho kesho unaweza kukifungua na kuhama nacho kwenda bunduki nyingine. Kitakachobaki na hii, usikitolee hela.

Tufanye hesabu kwa bei za huko huko kwenye video. Bunduki yenyewe ni kama dola 450. Mtutu mzuri, 400. Kitako cha mbao za tabaka, 200 hivi. Kifyatulio cha kampuni ya Timney, kama 150. Hapo umefika dola 1,200, na kwa pesa hiyo Mmarekani anapata Tikka T3x mpya kutoka Finland na pengine akabaki na ya risasi. Siku ya kuuza, mnunuzi haoni dola 1,200. Anaona Axis yenye kitako kizuri.

Kinachowaponza wengi ni urahisi. Mtutu wa Savage hushikwa na nati, kwa hiyo mtu mwenye spana sahihi na vipimo vya chemba, pale risasi inapokaa, anaubadilisha mwenyewe nyumbani. Remington 700, ambayo iko sokoni tangu 1962, ina vipuri vya kila aina kiasi kwamba unaweza kujenga bunduki nzima kwa vitu vya watengenezaji wengine. Na kwa Mmarekani, bunduki mbele ya sheria ni ule mwili wenye namba. Mtutu analetewa kwa posta kama jozi ya viatu.

Sisi tuko Uganda. Hapa bunduki inaishi chini ya Sheria ya Silaha ya 1970, kwa leseni na kwa kumbukumbu za polisi. Na Juni 2018, baada ya kuuawa kwa mbunge Ibrahim Abiriga, Rais Museveni alisimama bungeni akatangaza kwamba silaha zote zichukuliwe alama: bunduki inafyatuliwa, risasi na ganda vinahifadhiwa, ili siku ya uhalifu ijulikane ilitoka wapi. Sasa fikiria alama zile zinatoka wapi. Mikwaruzo ya kwenye risasi inaachwa na mifereji ya ndani ya mtutu. Ya kwenye ganda inatoka kwenye pini na uso wa bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu. Badilisha mtutu, na bunduki iliyoko mkononi mwako si ile iliyoko kwenye faili. Ukifanya hivyo kimya kimya kwa fundi wa pembeni, umejitafutia kesi, hata kama hujawahi kulenga kitu zaidi ya chupa. Ukitaka kupita njia halali, utapita ofisi zile zile ambazo ungepita ukinunua mpya, kwa muda ule ule na pengine kwa maswali mengi zaidi.

Halafu huo mtutu utoke wapi? Mwaka 2024 Wizara ya Biashara ya Marekani iliiweka Uganda kwenye orodha ya nchi 36 ambazo maombi ya kuwauzia raia wake silaha na vipuri yalitakiwa kwa kawaida kukataliwa, na mwaka 2025 ikaifuta kanuni hiyo. Kanuni za aina hii zinabadilika serikali zikibadilika, lakini mimi siwezi kufungua bunduki yangu nikaiacha vipande nikisubiri Washington iamue.

Tuache sheria. Je, bunduki yenyewe ina shida gani? Mara nyingi mtutu hauna kosa. Fanya jaribio hili, bunduki ikiwa tupu na bolti imetolewa. Chukua noti ya shilingi elfu moja, iingize kati ya mtutu na kitako pale mbele, uivute taratibu kuelekea chemba. Ikipita bila kukwama, vizuri. Sasa iweke bunduki kwenye fimbo za kulengea, ushikilie pale mbele kabisa ya kitako, uiegemee kwa uzito kama unavyoegemea porini ukiwa umechoka, halafu mwenzako avute noti tena. Kwenye vitako vingi vya plastiki vya bei nafuu, noti inabanwa. Plastiki imepinda ikaugusa mtutu, na risasi haitakwenda ilikokwenda ile uliyopiga ukiwa umetulia juu ya mfuko wa mchanga. Tiba yake ni msasa kidogo ndani ya kitako, na kuzoea kuegemeza bunduki karibu na magazini. Dola 400 zimeokoka.

Baada ya hapo kaza skrubu. Bunduki inayosafirishwa nyuma ya pikapu kwenye barabara za murram hulegea, kwanza kwenye vikamatio vya darubini, na mwenyewe anaulaani mtutu. Safisha shaba ya risasi iliyoganda ndani ya mtutu. Jaribu risasi za aina mbili tatu kabla ya kutoa hukumu, maana bunduki moja hupenda risasi ambayo pacha wake wa kiwandani anaikataa.

Na tuulize: unataka usahihi wa kiasi gani? Uwindaji wa kitalii ulirudi kwa majaribio mwaka 2001 kandokando ya Hifadhi ya Ziwa Mburo, na huko swala pala hupigwa katikati ya migunga, mara nyingi ndani ya mita 150. Eneo la moyo na mapafu yake ni takriban sentimita 18. Bunduki inayokusanya risasi ndani ya sentimita 5 kwa mita 100 itakuwa kwenye 7.5 kwa mita 150. Nafasi iliyobaki ni ya mkono wako unaotetemeka, na mkono hauuzwi dukani. Walter Bell, yule Mskoti aliyeitwa "Karamojo" kwa sababu ya Karamoja yetu, aliua zaidi ya tembo elfu moja, wengi kwa risasi ndogo ya 7x57, yenye upana wa milimita 7 hivi. Mauaji yale siyasifu, ila yule bwana alipasua mafuvu ya tembo ajue ubongo umekaa wapi. Hakununua kitako.

Darubini ndiyo ya kununua, pamoja na vikamatio imara. Inahama. Risasi za mazoezi pia, kwa kuwa ustadi unahama. Kifyatulio nakisitasitia: Ruger American inatoka kiwandani na kifyatulio kinachorekebishwa kati ya ratili 3 na 5, na mimi ninayetembea mbele ya mwindaji nikifuata nyayo sina hamu ya cha nyuma yangu kuwa chepesi zaidi ya hapo.

Ukiwa na kutu iliyochimba vishimo ndani ya mtutu, au unataka kwenda kwa nyati, hapo nunua nyingine. Kwa nyati, wengi hukubaliana kuanzia .375, yaani upana wa risasi kwa inchi, na .308 yako hata ukiivisha dhahabu itabaki .308.

Bunduki moja tu ningeijenga upya: BRNO ZKK 602 ya .375, ile ya Kicheki ambayo wawindaji wa zamani wa Afrika Mashariki bado wanaikumbatia. Chuma chake kinene, kucha yake inashika ganda tangu linapotoka kwenye magazini, na nyingine kama ile kwa bei ile hupati. Yangu ikichakaa mtutu, nitapeleka karatasi polisi na nitakaa kwenye benchi mpaka waniite. Kwa Axis ya afande, benchi hilo sikalii.