Soko Tulilofundishwa Kununua Tu

Aprili mwaka 2008, kuta za maduka yaliyochomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi zikiwa bado na masizi, nilipanga foleni mjini Kisumu pamoja na shangazi yangu, muuza omena wa soko la Kibuye, aliyetaka kununua hisa za Safaricom, kampuni ya simu. Bei ilikuwa shilingi 5 kwa hisa, na mtu hakuruhusiwa kuomba chini ya hisa 2,000. Shangazi alihesabu noti zake, zikinukia samaki, kisha akamuuliza kijana aliyekuwa akipokea fomu, "Mwanangu, siku nikitaka kuziuza, nitamuuzia nani?" Kijana alicheka, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.

Naamini swali lile ndilo soko la hisa lenyewe. Kampuni ikishauza hisa zake mara ya kwanza, fedha zimekwenda. Kazi inayobaki, nayo ni ya kila siku, ni kumwezesha mwenye hisa kumpata mnunuzi kwa bei inayoonekana na wote. Huku magharibi mwa Kenya tumehubiriwa kununua tu.

Pengine ni urithi. Soko la Hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, kama chama cha hiari cha madalali waliokubaliana bei kwa mdomo, kahawa ikiwa mezani, na Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kushiriki hadi baada ya uhuru. Watu wachache wanaojuana hawana haja ya kuelezana namna ya kutoka, yaani kuuza. Serikali ilipoanza kuuza hisa zake mwaka 1988, kwa asilimia 20 ya Benki ya Kenya Commercial, sisi wengine tulikaribishwa ndani bila maelezo hayo.

Tazama Mumias. Kampuni hiyo ya sukari iliorodheshwa mwaka 2001, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa mwaka 2019 ilipowekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Aliyekuwa bado anazo siku hiyo alibaki na karatasi, hata kama kwa miaka mingi kabla ya hapo angeweza kuziuza asubuhi yoyote ya kazi, laiti angejua kwamba kuuza ni haki yake wala si usaliti kwa kiwanda cha kwao.

Hisa za shangazi nazo zilikaa chini ya shilingi 5 kwa miaka kadhaa, majirani wakimcheka. Mwaka 2021, bei ilipopita shilingi 40, aliziuza na kuezeka nyumba. Mpaka leo huniuliza ni nani aliyezinunua.