Kabla ya Kuuliza Kamera, Uliza Rangi ya Hema

Vijana wanaoingia kazi hii ya kupiga picha hapa Kampala huniuliza wanunue kamera gani ya kupigia kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ambapo bibi harusi humtambulisha mchumba wake nyumbani kwao. Nami huwauliza: hema lina rangi gani? Hudhani nawakwepa.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Ilikuwa kwanjula upande wa Mukono, mahema yamepambwa ndani kwa vitambaa vyekundu, yanapendeza kweli. Nikageuza kichwa cha flashi juu kama nilivyozoea ukumbini, mwanga ugonge dari urudi laini. Ulipanda mweupe, ukashuka mwekundu. Wiki iliyofuata ssenga (shangazi) wa bibi harusi, aliyesimama mbele siku nzima na gomesi yake ya kung'aa, lile gauni refu la kina mama wa Kiganda, akanipigia simu: "Mwanangu, mbona umenifanya nyanya ya sokoni?"

Nilikesha kwenye kompyuta. Nikipunguza wekundu usoni, kanzu zilizokuwa pembeni zinaingia ukijani, maana kule jua la kawaida lilikuwa linapenya. Uso mmoja wenye mianga miwili hausafishiki kwa kitufe kimoja, hata kamera iwe ya bei gani.

Tangu hapo flashi yangu haikai juu ya kamera. Naiweka kando kwenye stendi, mbele yake mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga, mita moja na nusu hivi kutoka kwa mtu. Ukaribu ndio wenyewe: ukizidisha umbali mara mbili, mwanga unaomfikia unabaki robo. Ndiyo maana flashi ndogo ya betri nne, ikisogezwa, inakishinda kitambaa cha juu. Mguuni mwa stendi funga mfuko wa mchanga. Watoto wa sherehe wakishaanza kukimbizana hawaoni kitu.

Halafu kuna kanzu. Wapange wanaume ishirini wenye kanzu nyeupe, kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaubana. Kanzu zinatoka kijivu na nyuso za wazee zinazama gizani. Mimi napandisha stopu moja, yaani mwanga mara mbili, nikichunga tu mikunjo ya kanzu isifutike.

Lenzi sina mengi ya kusema. 50mm ya f/1.8, yenye tundu pana la kuingiza mwanga, inakutosha kuanzia; ya 85mm, inayovuta karibu zaidi, itakuja na kazi. Picha za uso za nje usizipige saa sita mchana katikati ya uwanja, jua letu la ikweta linakaa utosini na macho yanageuka mashimo. Msogeze mtu barazani, ukingoni mwa kivuli, atazame nje. Hiyo ni bure. Na jioni ukumbini, ukiona mistari kwenye picha, usikimbilie kwa fundi: umeme wetu ni wa 50Hz (mizunguko 50 kwa sekunde), na taa duni za LED hupepesa mara mbili kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Shusha kasi ya shata, lile pazia la kamera linalofunguka kupokea mwanga, hadi 1/100 au 1/50 ya sekunde.

Kwa hiyo siku hizi nampigia mpambaji kabla sijachaji hata betri. Simwombi abadilishe hema lote, namwomba kitambaa cheupe juu ya ule mkeka tu, pale bibi harusi atakapopiga magoti. Wengine hunicheka. Wa mwezi uliopita alikubali bila ubishi, akakitandaza vizuri kabisa, kisha akaning'iniza taa za kijani chini yake.