Chatu Akisusa Panya, Anza na Joto Kisha Harufu

Ukianza kumlisha chatu hapa Dodoma, chakula kilicho karibu ni kifaranga. Vifaranga madume wa kuku wa mayai hawana kazi kwa mfugaji wa kuku, kwa hiyo bei yake ni ndogo. Panya weupe wa kufugwa ni wa kutafuta. Chatu anakula vifaranga miezi na miezi, halafu siku anawekewa panya anageuza kichwa na kurudi mafichoni. Hapo wenye ushauri hujitokeza: mmoja anasema mwache na njaa mpaka ashike adabu, mwingine anasema mfungue mdomo umsukumie. Nawapinga wote wawili. Chatu hasusi kwa ukaidi. Hajakitambua unachomwekea kuwa ni chakula, na kazi ya mfugaji ni kumsaidia akitambue.

Nazungumza na wenye kibali cha kufuga chatu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuokota chatu porini akamfungia nyumbani kwake.

Kwa nini tujisumbue kumbadilisha? Kifaranga wa siku moja ana uzito wa takriban gramu 40, mifupa yake bado laini, na kalsiamu yake ni kidogo ukilinganisha na panya aliyekomaa. Chatu wa kilo tatu anayeishi kwa vifaranga pekee hula rundo zima kwa mlo mmoja, na kinyesi chake huwa cha majimaji na chenye harufu kali. Kifaranga wa mara mojamoja hana ubaya wowote. Akiwa ndiye chakula pekee mwaka mzima, mnyama anapunjwa.

Kabla ya kugusa suala la chakula, pima joto. Upande wa moto wa kizimba uwe nyuzi 30 hadi 32, upande wa ubaridi 25 hadi 27, na kipimajoto kikae sakafuni, pale tumbo la nyoka linapolala. Kilichobandikwa juu ya kioo kinapima hewa ya juu tu. Juni na Julai usiku wa Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na umeme ukikatika usiku huo kizimba cha bati au kioo hupoa haraka sana. Chatu aliyepoa hawezi kumeng'enya, na mwili wake unalijua hilo, ndiyo maana anakataa. Ukimlazimisha, nyama itaoza tumboni naye ataitapika siku chache baadaye. Weka akiba ya chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo. Ukiona macho yamekuwa ya maziwa, anakaribia kujivua gamba. Mwache mpaka amalize. Kiangazi chetu ni kikavu mno, kwa hiyo awe na beseni la maji linalomtosha kujikunja ndani.

Mpime uzito kila wiki na uandike. Chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula na uzito wake ukapungua kidogo tu. Akipoteza asilimia kumi, au ukiona mate mengi mdomoni, au anapumua kwa mlio, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Huyo ni mgonjwa, na mbinu za chakula hazitamsaidia.

Joto likishakaa sawa, njoo kwenye harufu. Ulimi wa nyoka hukusanya chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo kilichoko kwenye kaakaa, na huko ndiko anakoamua hiki kinaliwa au hakiliwi. Chatu ana pia vishimo midomoni vinavyohisi joto la windo. Panya aliyetoka friza akiwa na ubaridi tumboni na harufu ya boksi la plastiki hafanani na chochote alichowahi kumeza.

Yeyusha panya kwenye friji usiku kucha, akiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Mwoshe kwa sabuni ya kipande isiyo na manukato, umsuuze mpaka harufu yake ipungue, umkaushe. Chukua kifaranga aliyekufa, umsugue panya kwa manyoya na ngozi yake, hasa puani na kichwani, kwa kuwa nyoka hutafuta kichwa ili aanzie hapo kumeza. Wafunge pamoja kwenye mfuko mmoja, uwarudishe kwenye friji kwa saa kadhaa. Chatu mgumu zaidi mvalishie panya kipande cha ngozi ya kifaranga kichwani kama kofia. Usifunge kwa uzi wala mpira, maana vitamezwa na vinaweza kukwama kwenye utumbo. Supu ya kuku ya jikoni pia usiitumie: ina chumvi na vitunguu.

Kisha pasha. Mfuko uzame kwenye maji ya nyuzi 45 kwa dakika 15 hadi 20, mpaka kichwa cha panya kifike nyuzi 38 hadi 40. Maji yanayochemka hupika ngozi na tumbo hupasuka. Mikrowevu huacha sehemu moja ya moto mkali na nyingine barafu. Mtoe, mkaushe vizuri kwa kitambaa, kwa sababu manyoya yaliyolowa hupoa kabla hujafika kizimbani.

Mlishe usiku, taa zikiwa zimepunguzwa. Shika panya kwa koleo refu, umpitishe ubavuni mwa chatu taratibu, kama panya anayejitembelea. Ukimchomekea usoni ataona anashambuliwa. Tazama ulimi. Ukichomoza kwa haraka na kurudi bila kukoma, anachunguza tu. Ukianza kutoka polepole na kubaki nje kwa muda, shingo ikajikunja kama herufi S na kichwa kikamfuata panya, usitikisike, anakaribia kumrukia. Akivuta kichwa nyuma, acha. Mlaze panya mlangoni pa maficho, ufunike kizimba, uondoke. Asubuhi mapema mtoe na umtupe, maana kwa joto letu nyama haikai, na haifai kugandishwa tena. Subiri siku saba hadi kumi kabla ya kujaribu tena. Kumsumbua kila jioni ndiko kunakomfanya asuse zaidi.

Ipo mbinu nyingine ninayoiamini sana. Mpe kifaranga mdogo kama kawaida. Anapofikia miguu ya kifaranga mwishoni, gusisha pua ya panya mdogo kwenye kona ya mdomo wa chatu. Mara nyingi koo linaendelea na kazi na panya anapita. Hakikisha tu panya huyo ni mdogo kweli, kwani mlo mzima usizidi kile ambacho angekula siku nyingine. Na katika mlo wowote, windo lisiwe nene kuliko sehemu nene ya mwili wa nyoka.

Akikubali, wengi huharibu kwa pupa. Mlo unaofuata paka harufu kichwani tu, unaofuata puani tu, kisha usipake kabisa. Akikataa hatua mojawapo, rudi hatua moja nyuma.

Panya hai simshauri mtu. Panya mkubwa aliyefungiwa pamoja na chatu asiye na njaa humtafuna mgongo, na kidonda hicho huchukua muda mrefu kupona. Panya wa kutegwa ghalani ni hatari zaidi, huenda amekula sumu na sumu hiyo itahamia kwa nyoka. Kulisha kwa nguvu nako huchubua kinywa na kuvunja meno. Hiyo ni kazi ya daktari, na ni ya mwisho kabisa.

Watoto wa nyoka wa nyumbani wale wa kahawia huweza kusumbua vivyo hivyo, ila wao hudai mjusi kafiri. Mgandishe mjusi mmoja kwa wiki kadhaa ili vimelea vingi vife, umsugue kwenye vitoto vya panya visivyo na manyoya ili vishike harufu yake, umrudishe friza kwa matumizi mengine. Nyoka mla mayai ni suala tofauti kabisa. Meno yake ni hafifu, na mifupa ya shingo yake imeumbwa kuvunja mayai ya ndege. Hali kitu kingine, na hakuna harufu itakayombadilisha. Mtafutie mayai ya kware au madogo zaidi kulingana na mdomo wake.

Baada ya mlo usimshike chatu kwa saa 48. Akitapika, mpe wiki mbili za mapumziko, kisha mlo nusu ya ule wa kawaida. Na kabla ya kufungua kizimba nawa mikono kwa sabuni kila mara, kwa sababu mkono wenye harufu ya kifaranga ndio utakaorukiwa. Chatu akishazidi mita mbili, asilishwe na mtu aliye peke yake.