Chumba Kilichommeza Mama Mkwe

Nilinunua karavani, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari, kwa bei ambayo mke wangu anaijua nusu yake, na kwa kuwa naye huwa anasoma mtandaoni, hapa pia tutaishia kwenye hiyo nusu. Ilikuwa mwezi wa nne, masika yamekolea, wakati ambao sisi madereva wa watalii wa Arusha tunashinda kijiweni tukihesabu matone. Mzungu mmoja wa Njiro alikuwa anarudi kwao Marekani, na uani kwake kulikuwa na karavani la kukokota. Nikaliona, nalo likaniona.

Kilichonimaliza ni ubavu wake. Unabonyeza swichi, ubavu wa kushoto unatoka nje kama droo ya kabati, na kitanda na kabati la nguo vikiwa ndani yake. Kale kakorido kanageuka sebule. Ukitaka kusafiri unabonyeza tena, droo inarudi, kitanda kinaziba njia yote, unaondoka. Mimi nimekulia nyumba ya vyumba viwili, watoto saba. Nikakiona akilini chumba kinazaliwa kwa swichi, nikatoa pesa.

(Mlango nao uko kulia, maana kwao wanaendesha kulia na abiria anashukia majanini. Huku kwetu unashukia katikati ya barabara. Hilo nililijua mtaa wa Sakina, mguu mmoja nje, daladala ikinipitia jirani na goti.)

Droo yenyewe ilikuwa mbovu, haitoki wala hairudi bila kusukumwa. Nikalikokota karavani mpaka Unga Limited, kwa mafundi wanaorefusha magari ya safari na kuyapasua paa ili mtalii asimame amwone simba vizuri. Fundi wa kwanza alikuwa mzee, miwani yake imeshikizwa kwa waya. Alijilaza chini, akatambaa, akatoka na grisi kwenye paji la uso.

"Hii ni ya umeme," akasema. "Kuna mota, inazungusha gia, gia inatembea kwenye reli yenye meno kama msumeno. Meno yamelika, mota imekufa. Nabadilisha vyote viwili, unaondoka. Chumba chako chepesi hiki, kitanda na kabati tu. Mota inatosha kabisa."

Maneno yote hayo, mimi nikasikia moja: umeme.

"Mzee wangu, umeme wa nyumbani unanikatikia nina sabuni kichwani. Leo niende nikalale Mto wa Mbu, porini, nitegemee umeme?"

Akanitazama kwa juu ya miwani. "Ni wa betri, kijana. Volti 12." Lakini mimi nilishageuka, nimeshaanza kutembea. Mtu aliyeamua jambo huwa hasikii kwa kisogo.

Geti la tatu kutoka pale kulikuwa na kijana anayetengeneza matipa. Huyu hakulala chini. Alilizunguka karavani mara moja, mikono mfukoni.

"Haidroliki, kaka. Umewahi kuona tipa likiinua tani 10 za mchanga?"

"Nimeona."

"Liliomba msaada?"

Basi, nikawa nimeshakwisha. Na nisimsingizie, aliyoyasema hayakuwa uongo. Haidroliki, yaani oili inayosukumwa na pampu kwenye paipu, ina nguvu kweli. Pampu moja inaweza kulisha droo tatu, nne, pamoja na jeki za kusimamishia karavani, ndiyo maana wenye makaravani makubwa, yale ambayo jiko zima na friji vinatoka nje, wanaipenda. Alichoniachia nikigundue mwenyewe ni kwamba mimi sina jiko linalotoka nje. Nina kitanda.

Nikarudi kumuaga yule mzee, kwa adabu tu. Akauliza kijana atafunga mikono gani ya kusukumia chumba. Nikasema ya tipa. Akacheka mpaka miwani ikadondoka. "Mkono wa tipa unasukuma tu. Bodi ya tipa inashuka kwa uzito wake yenyewe. Hicho chumba chako kitarudishwa na nini, maombi?"

Swali hilo nililifikisha kwa kijana kama lilivyo. Alinuna siku mbili, kisha akachomoa mikono miwili kwenye trekta lililokufa zamani, ile inayosukuma na kuvuta. Ulikuwa ushauri wa bure kutoka kwa mtu niliyemnyima kazi, na ndio uliookoa nusu ya Krismasi. Nusu nyingine nitaisimulia.

Siku ya kukabidhiwa nikainama kuangalia mali yangu. Nikaona pampu. Ubavuni mwa pampu nikaona mota. Kwenye mota kulikuwa na waya mbili nene. Nikazifuata kwa kidole taratibu, kama mtu anayesoma barua ya kuachishwa kazi, mpaka zikafika kwenye betri.

"Kumbe nayo inatumia umeme?"

"Sasa kaka," kijana akasema, "hiyo pampu ulitaka izungushwe na nani? Na wewe?"

Betri ni ile ile, volti ni zile zile 12. Kwa mzee ningepata mota na gia. Huku nimepata mota, pampu, tanki, paipu nne, mikono miwili, na lita kadhaa za oili ya gia otomatiki, ile nyekundu. Rangi hiyo uikumbuke. Gari langu likavuta karavani kutoka pale likihema, na mimi nikiwa nimejilazimisha kutabasamu ili nisimpe mzee wa miwani faida ya kuniona.

Krismasi kwa Wachaga haina kikao, unakwenda nyumbani. Mke wangu ni wa Kibosho, mimi ni wa Singida, kwa hiyo nyumbani ni Kibosho. Kila mwaka nalazwa sebuleni kwenye godoro na watoto tisa, mmoja wao anakojoa, na ukoo mzima unaficha ni yupi. Mwaka huu nikasema naenda na chumba changu.

Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi. Siku ile tulizila kwa saa nne, katikati ya msururu wa magari ya Dar yenye mafriji juu ya paa, kisha tukapanda kilima kuelekea Kibosho na rejeta ikitishia kuimba. Tulipoingia uani, ukoo ulikuwa umejaa. Shemeji yangu mkubwa alikuwa ameegemea Prado yake. Kwa miaka 11 nimekuwa namsalimia mtu aliyeegemea kitu.

Sasa, hivi vyumba kabla hujavitoa unatakiwa kulisimamisha karavani sawa, uweke na pimamaji. Na uangalie upande kinakotokea kama pana nafasi. Kibosho ni mlimani. Pimamaji sikuwa nayo. Nafasi nilikadiria kwa jicho, na jicho lilikuwa kwa shemeji.

"Simameni mbali kidogo," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuwahi kuisikia. Nikabonyeza.

Pampu ikalia. Mkono wa mbele ukatangulia, wa nyuma ukachelewa, chumba kikatoka kwa bega kama mlevi anayepita mlango mwembamba. Watoto wakapiga makofi. Chumba kikaendelea mpaka kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, kikaufikia mgomba wa mshare wenye mkungu, kikausukuma bila haraka, kwa ile ile nguvu isiyoomba msaada, mpaka ukalala. Makofi yakakoma.

Baba mkwe alikuja, akauangalia. "Ule ulikuwa wa mtori wa kesho," akasema, akaenda zake.

Kesho yake ndiyo Krismasi yenyewe. Tumetoka kanisani, uani pananukia moshi na vitunguu, baba mkwe yuko nyuma ya banda na mbuzi. Wageni wanaongezeka, turubai inatakiwa kufungwa, na ubavu wa karavani uko katikati ya njia. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, hebu rudisha hicho kitu chako." Nikaona hapa ndipo nitakaposafisha jina. Nikawasha gari ili betri isizidiwe, maana hilo nilishajifunza. Nikabonyeza.

Ambalo sikujua ni kwamba mama mkwe, aliyekuwa jikoni tangu saa 10 usiku, alipita kimya kimya akaingia karavanini, akavua viatu, akajilaza kitandani kwangu. Kwa heshima iliyopo kati yangu na yeye, mimi hata kwenye kiti alichokalia sikai mpaka kipoe. Na yuko kwenye kitanda changu, amelala fofofo, nami namrudisha ndani kama shati kwenye droo.

Chumba kilikuwa kimebaki shibiri mbili kifike mwisho. Pu! Paipu moja, ambayo kijana alikuwa ameipitisha kwenye ncha ya chuma na kuifunga kwa waya, ikapasuka. Oili nyekundu ikaruka, ikauchora ubavu mweupe kuanzia kwenye tairi mpaka dirishani, ikaanza kuchuruzika kwenye majani.

Shangazi wa mke wangu alikuwa anapita na sufuria la mtori. Akaiona nyekundu. Akaviona viatu vya mama mlangoni.

"Uwiii! Mama kabanwa!"

Sufuria chini. Wanawake wakatoka jikoni, wakaona, wakapokea. Na mimi, niliyeinunua ile oili kwa pesa yangu na kuimimina kwenye tanki kwa mkono wangu, nilisimama pale nikaona damu. Nikaita, "Mama! Mama!" Kimya. Kutoka nyuma ya banda akatokea baba mkwe na kisu cha mbuzi mkononi. Akatazama ubavu wa karavani, akatazama majani, akanitazama mimi. Hakusema neno, na mimi sikumwomba aseme.

Kilio cha mlimani kinashuka upesi. Majirani wakaanza kuingia, kanga viunoni, wengine wameshabeba sukari na mchele. Katekista akaja na kitabu. Shemeji yangu, mtu wa mipango, alikuwa ameshaandika kwenye kundi la ukoo: "Mama hatunaye." Rambirambi za Mwanza zilifika kabla sijakumbuka kuzima gari.

Ndipo kidirisha cha karavani kikafunguka. Kikatokea kilemba, kisha uso wenye mikunjo ya mto shavuni.

"Mbona mnalia?" mama akauliza, mwenyewe ameshaanza kusikitika. "Nani amefariki?"

Uwanja wote ukanyamaza. Bibi mmoja jirani, ambaye alikuwa katikati ya kilio na hakupata pa kukikatishia, akamjibu, "Ni wewe, dada."

"Mimi? Lini?"

Hakukuwa na wa kumjibu. Shemeji akawa anahangaika na simu, anatafuta namna ya kufuta.

Kumtoa sasa ndiyo ikawa kazi. Kitanda kimeziba njia, dirisha linapitisha kichwa na mkono mmoja. Nikampigia kijana wa matipa: hapatikani. Nikameza mate, nikampigia mzee wa miwani. Akanisikiliza mpaka mwisho, nikasikia anahamisha simu sikio ili acheke vizuri.

"Ile ya umeme," akasema, "ina mahali pa kuingiza hendeli. Unazungusha kwa mkono, chumba kinatoka, mama anakula. Ya kwako oili imemwagika, pampu haina cha kusukuma. Legeza nati za paipu kwenye mikono yote miwili, upande wa mbele na wa nyuma, isibaki oili ya kukushikilia. Halafu tafuta watu. Wavute sawa, upande mmoja usitangulie."

Nikalegeza, nikaoga oili. Mama akapewa kamba kwa dirishani, akaifunga kwenye kiunzi cha kitanda kwa fundo la kufungia ng'ombe, akatoa ncha nje. Vijana wawili wembamba wakabana mlangoni wakisukuma kwa mabega, waombolezaji wakashika kamba, na mama akawa anahesabu kutoka ndani: "Moja, mbili, haya! Wewe mwenye kofia huvuti!" Chumba kikatoka kimenyooka kuliko kilivyowahi kutoka kwa pampu. Kikaangusha mgomba wa pili.

Waombolezaji walibaki wakala. Sukari haikurudishwa.

Karavani halikurudi Arusha, maana huwezi kuliburuta barabarani na ubavu nje, na mama hakutaka ubavu uguswe. Alikuwa amelala saa mbili mfululizo siku ya Krismasi bila mtu kumuuliza chumvi iko wapi, na alisema hajawahi kupata kitu kama hicho tangu aolewe. Funguo anazo yeye. Wiki iliyopita amenipigia kwamba taa za mle ndani zimefifia, nimletee betri nyingine.

Nikampelekea, nikiwa nimebeba pia paipu mpya na galoni la oili kwenye buti, endapo. Baba mkwe alinipokea vizuri, akanizungusha kihambani kunionyesha kwamba ile migomba miwili ameshaipanda upya. Ameipanda mbele ya karavani, mmoja kila upande wa mkono wa kukokotea, na ameiwekea mbolea.